Simu, Kamera au Brashi: Gharama za Kuipata Bweranyange Kwenye Picha

Anayefika Bweranyange mara ya kwanza na kamera shingoni huuliza kasri liko wapi. Hakuna kasri. Makazi ya Omukama, yaani mfalme wa Karagwe, yalijengwa kwa miti, matete na nyasi, na nyasi hazikai karne. Kilichobaki ni mgongo wa kilima, migomba, njia ya udongo mwekundu na mabonde yanayofuatana mpaka macho yachoke. Wanaakiolojia wamechimba hapa na kupata walichopata, lakini mgeni asiye na mwenyeji ataona kilima kama vilima vingine vya Karagwe na Kyerwa, apige picha kumi za majani, arudi zake mjini Kayanga.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi yako kununua kamera au rangi, amua kwanza unataka kupata nini. Kuna picha ya kinachoonekana na kuna picha ya kilichokuwapo. Ya kwanza unaweza kuipiga, ya pili huna budi kuichora. Gharama zake hazifanani, na watu wengi ninaokutana nao wametumia fedha nyingi kwenye ile wasiyoihitaji. Bei nitakazozitaja ni nilizolipa mimi mwenyewe au kuambiwa dukani Kayanga, Bukoba na Kariakoo. Zako zinaweza kupanda au kushuka kidogo, lakini uwiano wake utabaki karibu uleule.

Mashindano ya kamera na brashi katika kilima hiki ni ya zamani. Novemba 1861, wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika wakitokea Unguja. Safari yao ilianza na kamera. Mwaka 1860 Grant alipiga picha Unguja, ambazo ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa zinazojulikana za kisiwa hicho. Lakini upigaji picha wa siku zile ulitaka kioo kipakwe dawa, kipigiwe picha na kusafishwa kingali kibichi, yote kwa dakika chache, ndani ya kihema cha giza. Kwenye joto la pwani kihema kile kilikuwa tanuri. Speke aliona kazi ile ingemwua mwenzake, vyombo vikarudishwa, Grant akabaki na penseli na rangi za maji. Huku Karagwe akaota donda baya mguuni. Januari 1862 Speke akatangulia kwenda Buganda, Grant akabaki akiuguza mguu mpaka Aprili. Michoro yake ya safari ile imetunzwa Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kamera haikufika Bweranyange. Kilichofika ni kisanduku cha rangi.

Nasema hivi kwa sababu swali la Grant bado ni letu: chombo gani utakibeba mpaka juu, kikufanyie kazi ukiwa umechoka, na kikuachie kitu kitakachodumu?

Nianze na simu, maana unayo tayari. Simu ya kawaida ya shilingi 350,000 hivi, zile ambazo vijana wetu wengi wanazo, inapiga mandhari vizuri kabisa kukiwa na mwanga. Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, ukivuta picha kwa vidole ili kumleta karibu ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, unapata ukungu wa nukta, kwa hiyo usivute, tembea. Pili, ikipotea au ikiingia maji, kazi yote imekwenda. Memori kadi ya GB 32 nilinunua shilingi 20,000, na kistendi cha miguu mitatu shilingi 25,000. Kwa 45,000 juu ya simu uliyo nayo umeshakamilika. Stendi hiyo si anasa. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mwanga ni mdogo na mkono hutetemeka kwa baridi ya Karagwe. Stendi ndiyo inayoamua kama utapata mstari wa vilima au utapata moshi.

Kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha, iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya kawaida, nilitajiwa shilingi 600,000. Ongeza betri ya akiba 40,000 na memori kadi 25,000, jumla 665,000. Studio za mjini hukodisha kamera ya namna hiyo, na bei niliyokubaliwa ni 30,000 kwa siku. Gawa mwenyewe: kununua kunalipa ukishapiga siku ishirini na tatu. Mtu wa Bukoba au Mwanza anayekuja Karagwe mara mbili kwa mwaka, siku mbili kila safari, atatumia karibu miaka sita kufikisha siku hizo. Huyo akodi. Anayeishi Kayanga au Nkwenda, anayepiga harusi na mahafali Jumamosi kisha mandhari Jumapili, huyo anunue wala asisite, kwa sababu harusi ndizo zitakazolipia milima.

Kamera hiyo inakuzidia wapi? Kwenye mwanga hafifu, kwenye kukuza picha ya ukutani, na kwenye lenzi ndefu ya kuwapata wanyama na ndege wa hifadhi. Tangu mwaka 2019 tuna Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, na anayelenga huko simu haitamtosha. Ila kwa kilima cha Bweranyange chenyewe, ambapo kila kitu ni kipana na kimetulia, nimeweka picha za simu na za kamera kubwa mezani, ukubwa wa A4, nikawauliza watu wachague. Wachache sana walitambua ipi ni ipi.

Tofauti waliyoiona ilikuwa ya karatasi. Hapa ndipo fedha inapopotea bila mtu kujua. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka picha kumi na mbili kusafishwa kwenye studio moja, nikalipia fremu, nikazitundika sebuleni mahali jua la jioni linapoingia. Mwaka haukuisha kijani cha migomba kikawa samawati na udongo mwekundu ukawa rangi ya chai ya maziwa. Studio ile ilikuwa imezitoa kwa printa ya ofisi, wino wa bei nafuu, karatasi ya kung'aa. Nililipa 5,000 kwa kila moja nikidhani nimepata nafuu. Picha ya A4 iliyosafishwa kwa mashine ya kemikali, kwenye karatasi halisi ya picha, ilinigharimu 7,000, na zile nilizosafisha hivyo bado ziko kama zilivyokuwa. Uliza kabla hujatoa fedha: mnasafisha au mnaprinti? Wakisema ni kitu kimoja, nenda duka la pili. Na popote utakapoitundika, iepushe na jua la moja kwa moja.

Sasa brashi. Wengi huogopa kuchora wakidhani rangi ni ghali. Seti ya rangi za maji za kuchorea, rangi kumi na mbili, nilinunua 20,000, brashi tatu 12,000. Karatasi nzito ya rangi za maji, ukubwa wa A3, ni 4,000 kwa moja, na kwa kawaida utaiagiza Dar es Salaam. Seti moja hunitosha kwa picha thelathini, kwa hiyo thelathini hizo zinagharimu jumla 152,000, yaani kama 5,070 kwa kila moja. Hiyo ni chini ya bei ya kusafisha A4 moja nzuri. Usijaribu kuokoa kwa kutumia manila ya 1,000. Manila hujikunja ikilowa, rangi hukusanyika kwenye mabonde ya karatasi badala ya mabonde ya Karagwe, na baada ya muda karatasi yenyewe hugeuka njano. Manila ni ya mazoezi.

Kijani nacho kina mambo yake. Kijani cha kwenye tyubu hakifanani na chochote kinachoota hapa. Jani changa la mgomba lina unjano mwingi, jani la mbuni ni zito linalokaribia weusi, nyasi za mlimani wakati wa kiangazi zina rangi ya mkate. Nunua tyubu za ziada za njano na buluu uchanganye mwenyewe, wala usiongeze kijani.

Nyekundu usinunue kabisa. Chota udongo kwenye ukingo wa barabara ulipokatwa na greda, si kwenye eneo la kihistoria. Uanike, utwange, uuchekeche kwa kitambaa chepesi mara mbili, kisha uloweke majini, koroga, ngoja mchanga utue chini na umimine maji yenye rangi kwenye chombo kingine. Kinachotuama humo ni laini kama unga wa muhogo. Changanya na utomvu wa mgunga uliolowekwa ukayeyuka, umepata rangi ya maji halisi, kwani hata rangi za dukani hushikizwa kwa utomvu wa jamii hiyo. Wekundu wa udongo wetu ni wa chuma kilichoshika kutu, na kutu ya chuma haipauki juani kama zinavyopauka nyekundu nyingi za bei nafuu. Nami hupenda kukumbuka kwamba ufalme huu ulijulikana kwa chuma: miongoni mwa hazina za Omukama alizoziona Speke vilikuwamo vitu vilivyofuliwa kwa chuma kwa umbo la ng'ombe. Unapochora kilima hiki kwa udongo wake, unachora kwa kitu kilekile kilichowapa wafuaji wale kazi. Gharama ni jasho lako tu.

Anayetaka picha kubwa ya ukutani, sentimita 60 kwa 80, aache karatasi ahamie kitambaa. Turubai la wachoraji lililokwisha kutayarishwa ni ghali na halipatikani karibu. Nunua mita moja ya merikani, 5,000, fundi seremala akugongee fremu ya mti kwa 7,000, vuta kitambaa, kipake mara mbili rangi nyeupe ya maji ya ukutani, ambayo kwa picha moja ni kama 2,000. Rangi za akriliki zitakula 12,000 hivi. Jumla 26,000. Kitambaa hicho kina historia yake huku: merikani, pamoja na kaniki na shanga, ndiyo iliyokuwa fedha ya misafara. Speke na Grant waliibeba mizigo kwa mizigo ili kulipia njia na chakula mpaka wakafika kwa Rumanyika. Leo pande lake moja lachukua picha ya mahali walipopokelewa.

Kuna pia njia ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 Dar es Salaam kwa mbao za silingi bodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Njia hiyo ni nafuu mpaka leo. Hadibodi nzima ya futi nne kwa nane niliyoinunua 28,000 inatoa miraba minane ya sentimita 60, yaani 3,500 kila mmoja. Makopo sita madogo ya rangi, 30,000, yanatosha yote minane. Picha moja haifiki 7,500, ukiacha brashi na thina. Inavumilia vumbi, inafutika kwa kitambaa kibichi, inafaa hoteli, shule na zahanati. Inapendeza kwa ng'ombe wenye pembe ndefu, kwa ndege, kwa mto Kagera na mafunjo yake. Kwa ukungu haifai. Rangi ya mafuta hukaa wazi, yenye mipaka, na Bweranyange ya alfajiri haina mipaka. Nimejaribu mara tatu, mara zote tatu ukungu ulitoka kama shuka lililoanikwa.

Gharama kubwa kuliko zote haipo dukani. Ni kurudi. Mtu hutoa nauli ya basi Bukoba hadi Kayanga, lami ikiwa imefika, kisha bodaboda ya kwenda na kurudi, anafika kilimani saa saba mchana, jua liko utosini, vilima vimekuwa bapa kama chapati, anapiga, anaondoka. Fedha yote hiyo kwa mwanga mbaya kuliko wote. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na Karagwe iko karibu na nyuzi 31, kwa hiyo huku jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Mgeni wa Dar es Salaam anayezoea jua la saa kumi na mbili ana muda wa kunywa chai kwanza. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda wima: mwanga ule laini wa dhahabu haukai hata saa nzima. Kulala gesti usiku mmoja, ukapata jioni moja na asubuhi moja, kunaongeza thamani ya picha zako kuliko lenzi yoyote utakayonunua.

Majira nayo huamua. Juni hadi Agosti barabara ni kavu na nauli ya bodaboda haipandi, lakini hewa imejaa moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi, na vilima vya mbali vinafutika. Mpiga picha hulalamika; mchoraji hushukuru, kwa sababu moshi humgawia vilima kwa tabaka. Baada ya mvua za vuli, Desemba ikielekea Januari, hewa ni safi na migomba inang'aa. Kama una fedha ya safari moja tu na umebeba kamera, nenda wakati huo.

Vibali nitavieleza kwa ufupi. Ukiingia hifadhi utalipa kiingilio, na mtalii anayepiga picha zake mwenyewe hana tatizo. Anayepiga kwa biashara au anayerekodi filamu ana taratibu zake za TANAPA na Bodi ya Filamu, na azimalize kabla ya safari. Ndege isiyo na rubani inataka usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hifadhini hairuhusiwi bila idhini maalumu. Ukijumlisha bei yake, vibali na siku za kusubiri, kwa mtu binafsi ni fedha iliyotupwa. Panda kilima. Ukifika Murongo, mpakani na Uganda, usielekeze kamera kwenye daraja, ofisi za serikali wala askari kabla hujaomba ruhusa. Na kijijini anza kwa mtendaji, jitambulishe, eleza unachofanya. Hilo ni bure na litakuokolea nusu siku ya maelezo.

Kuna gharama moja ambayo sikuwa nikiiweka kwenye bajeti, mpaka mzee mmoja aliponifundisha. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, nyuma yake migomba, mbele yake bonde lote.

"Shikamoo babu. Naomba kupiga picha ya bonde kutoka hapa kwako."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamepita wengi hapa na hizo mashine. Hiyo picha mimi nitaiona wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi nilimletea A4 mbili, moja ya bonde na moja yake mwenyewe, shilingi 14,000. Alizishika kingo kwa vidole viwili kama mtu anayeshika sahani ya moto, akazitazama muda mrefu, kisha akanionyesha kwenye picha ya bonde mahali baba yake alipomwambia kwamba ng'ombe wa Omukama walikuwa wakiteremkia kunywa maji. Nilikuwa nimepiga mahali pale mara nyingi bila kujua ni nini. Tangu siku hiyo kila safari naweka kando fedha ya picha mbili za kurudisha, na hakuna matumizi mengine yaliyonipa zaidi. Habari ya ng'ombe wale ndiyo iliyonipa mchoro wangu bora, na kamera isingeweza kuipata peke yake.

Kwa anayetaka kuchora Bweranyange ya kale, tahadhari moja. Usinakili michoro ya kuchonga iliyomo kwenye vitabu vya wasafiri kana kwamba ni ushahidi. Ile iliyochapwa katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863 ilichorwa upya Ulaya na watu ambao hawakuwahi kuukanyaga udongo huu. Wazee wanaokumbuka walivyosimuliwa, pamoja na nyumba za msonge zilizobaki hapa na pale mkoani Kagera, ni walimu wa kuaminika zaidi wa jinsi nyasi zilivyoezekwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye shilingi 100,000 na simu: nunua memori kadi, stendi, seti moja ya rangi, brashi na karatasi tano. Umetumia 97,000, na una njia zote mbili, ya kinachoonekana na ya kilichokuwapo. Mwenye 300,000: vitu hivyohivyo, na fedha inayobaki ilale gesti na isafishe picha kwenye karatasi halisi, si kununua chombo kingine. Mwenye 700,000 anunue kamera kubwa ikiwa tu inamletea kipato. Kama sivyo, akodi.

Na wewe uliye Karagwe au Kyerwa, mwenye picha za zamani za familia zilizopigwa kwenye vilima hivi, zitoe kwenye sanduku wiki hii. Zipige kwa simu juu ya meza, kivulini, karibu na dirisha. Kisha nyuma ya kila moja andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, jina la mahali, majina ya waliomo na mwaka, wakati wanaoyajua majina hayo wangali hai.